Insha Itoke, Beji Ibaki

Kila Januari, shule zikikaribia kufunguliwa, maduka ya sare ya Kariakoo hayapitiki. Mzazi ananunua sketi, sweta, soksi na begi. Mtoto anajaribishwa palepale dukani, na kabla muuzaji hajapokea hela picha imeshapigwa. Jioni picha iko kwenye stetasi ya WhatsApp: mtoto anatabasamu, beji ya shule inasomeka kifuani, na chini yake kuna jina kamili, darasa na dua fupi. Wataiona wengi kuliko mzazi anavyodhani, kuanzia shangazi wa Tanga na jirani wa Buguruni hadi mteja wa vitenge kutoka Lubumbashi, dalali wa fremu, na bodaboda aliyepeleka mzigo Mbagala siku moja na namba yake haikufutwa.

Mzazi huyohuyo mwambie kwamba darasa la sita linataka kuweka insha zake mtandaoni ili zisomwe na watu walio nje ya shule. Atashtuka. "Mwalimu, huko mtandaoni si kuna watu wabaya?" Swali ni la haki, ila limekosea mlango. Insha ya mtoto kuhusu bibi yake, iliyopitiwa na mwalimu na kutiwa jina la kalamu, haimwambii mtu yeyote kwamba mtoto huyo anapatikana wapi saa nane mchana. Picha ya sare inasema hayo yote bila sentensi hata moja.

Kinachomhatarisha mtoto anayeandika hadharani ni nadra kuwa maandishi yake. Mara nyingi ni vitu ambavyo sisi wakubwa tunavibandika pembeni ya maandishi hayo: jina, beji, picha, namba ya simu, nafasi aliyoshika darasani. Ndiyo maana naona somo la usalama linapaswa kuanzia ofisi ya walimu na kikao cha wazazi, na mtoto afuate baadaye.

Wapo wanaodhani mwanafunzi kuandika kwa ajili ya umma ni mtindo ulioletwa na kompyuta. Sivyo. Magazeti ya Kiswahili yamelelewa na shule tangu mwanzo. Msimulizi, lililoanza kutolewa Kiungani, Unguja, mwaka 1888 chini ya misheni ya UMCA, lilibeba habari kutoka shule na vituo vya misheni. Kiongozi la Tanga, mwanzoni mwa karne ya 20, lilitoka katika shule ya serikali ya Wajerumani, na mitambo ya kupigia chapa ilikuwa hapohapo shuleni. Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923, lilikuwa la Idara ya Elimu, na walimu na wanafunzi wao walikuwa miongoni mwa wasomaji na waandishi wake. Mwaka 1937 Erica Fiah, mwenye duka aliyetoka Uganda akaweka makazi Dar es Salaam, akaanzisha Kwetu, na hapo Mwafrika wa mjini akawa na gazeti ambalo mhariri wake hakuwa bwana wa serikali wala padri.

Baadaye ikaja redio. Watoto waliokua na Radio Tanzania Dar es Salaam wanakikumbuka kipindi cha Mama na Mwana na sauti ya Debora Mwenda. Wakubwa walikuwa na kadi zao za salamu, na vijana walikuwa na kurasa za marafiki wa kalamu magazetini, ambako kijana aliweka picha, umri, mambo anayoyapenda na anwani. Hapo kwenye anwani tusimame kidogo.

Anwani ile ilikuwa sanduku la posta. Kwa mwanafunzi, mara nyingi lilikuwa sanduku la shule, au la ofisi aliyofanyia kazi baba au mjomba. Aliyeisoma hakupata mtaa, wala namba ya nyumba, wala jina la mwenye nyumba. Akitaka kumfikia kijana huyo ilimbidi aandike barua. Barua ililala posta mpaka mtu mzima mwenye ufunguo aende kuichukua, na huyo mtu mzima aliiona bahasha na mwandiko wake, akauliza, "Huyu anayekuandikia kutoka Bukoba ni nani?" Hakuna aliyeuita mpango huo ulinzi wa mtoto. Ulitokana na uhaba tu: nyumba hazikuwa na masanduku. Lakini ulifanya kazi nzuri. Mtoto alisikika nchi nzima, na njia ya kumrudia ilipita mikononi mwa mkubwa anayemjua.

Kitu cha pili kilichokuwepo ni lakabu. Mshairi wa Kiswahili hajawahi kuona haya kujificha nyuma ya jina la kupanga. Amiri Andanenga wa hapa Dar es Salaam alijulikana kwa wapenzi wa ushairi kama Sauti ya Kiza, na hakuna aliyemwona mwoga kwa sababu hiyo. Lakabu ilikuwa heshima, tena iliongeza ladha ya malumbano. Mtoto wa darasa la sita anayeambiwa achague lakabu yake haingizwi katika tahadhari za kigeni. Anaingizwa katika jadi ya watunzi, na kwa nilivyoona, watoto hulipenda zoezi hilo kuliko insha yenyewe.

Kwa sekondari jadi ya kuandikia umma iliendelea. Shirika la Femina Hip, lililoanza mwaka 1999, lilitengeneza jarida la Fema likapelekwa shuleni, na klabu za Fema zikaundwa ili vijana wasome, wajadili na kuandika juu ya mapenzi, afya na pesa. Barua nyingi za wasomaji zilihusu mambo ambayo kijana asingeweza kuyatamka mbele ya mama yake. Katikati ya barua na msomaji kulikuwa na mhariri, na mhariri alijua kipi kitolewe na kipi kibaki mezani kwake.

Tofauti kubwa iliyoletwa na mtandao iko hapo: mhariri ameondoka, na sanduku halina mwenye ufunguo. Gazeti la mwaka jana lilifungiwa karanga, na makosa ya mwandishi wake yakaliwa pamoja na karanga hizo. Ukurasa wa mtandaoni hautupwi. Unanakiliwa, unapigwa picha ya kioo, unatafutwa kwa jina la mtu miaka kumi baadaye na mwajiri au mchumba. Na anayeusoma anaweza kumwandikia mtoto moja kwa moja, usiku, bila bahasha kupita kwa mtu yeyote.

Hofu ya mzazi, basi, haikuzuka hewani. Utafiti uliofanywa nchini na UNICEF, ECPAT na INTERPOL, ukatolewa mwaka 2022, ulikuta kwamba asilimia 67 ya watoto wa miaka 12 hadi 17 wanatumia intaneti, na kwamba asilimia 4 ya hao watumiaji walikuwa wamefanyiwa vitendo vya wazi vya unyanyasaji au unyonyaji wa kingono kupitia mtandao ndani ya mwaka mmoja. Ni watoto wengi sana. Ila utafiti huo una jambo jingine ambalo halirudiwi sana kwenye vikao: mara nyingi mhalifu ni mtu ambaye mtoto tayari anamfahamu. Kuna mgeni kutoka nchi ya mbali, sawa, lakini kuna pia mtu aliyemwona mtoto kwenye stetasi ya mama yake, anayejua jina lake la nyumbani na anajua mama anafunga meza saa ngapi.

Hapo Kariakoo ina mazingira yake. Shule za eneo hili, Uhuru Mchanganyiko, Mnazi Mmoja, Lumumba, Gerezani, na sekondari kama Jangwani, Azania na Benjamin Mkapa, hazipokei watoto wa mitaa ya jirani peke yao. Wengi wanakuja kwa daladala na mwendokasi kutoka mbali, na kengele ikilia baadhi yao hawaendi nyumbani. Wanakwenda kwenye meza ya mama Mtaa wa Kongo au fremu ya baba kule Aggrey, wanakaa nyuma ya marobota ya nguo, wanafanya kazi ya shule mpaka biashara ifungwe. Ratiba ya mtoto wa Kariakoo inajulikana na mtaa mzima. Ukishajua shule yake na duka la mzazi wake, umeujua mzunguko wake wote.

Halafu kuna simu. Kwa mfanyabiashara wa hapa simu ni duka la pili: wateja wanatumiwa picha za mzigo mpya, bei zinapatanwa, malipo yanaingia. Namba ya mzazi iko kwenye mifuko ya plastiki, kwenye kadi, kwenye bango la fremu. Tangu laini ambazo hazikusajiliwa kwa alama za vidole zilipoanza kuzimwa Januari 2020, laini imekuwa mali ya mtu mzima mwenye kitambulisho, kwa hiyo mtoto anayeingia mtandaoni huingia akiwa amevaa jina la mzazi na kurithi wateja wote wa mzazi. Na shuleni, ambako mwalimu angeweza kumfundisha, haruhusiwi kwenda na simu. Anafundishwa intaneti na binamu yake mkubwa, chini ya ngazi.

Mwalimu naye amekwama. Anataka insha zichapwe, shule haina kompyuta ya kutosha, anapiga picha madaftari kwa simu yake na kuzipeleka steshenari. Kijana wa steshenari anafungua WhatsApp ya mwalimu kwenye kompyuta ya dukani, anapakua picha 40, anachapa, analipwa. Mafaili yanabaki pale kwenye kompyuta pamoja na barua za maombi ya kazi na mikataba ya pango. Wakati mwingine hata akaunti ya mwalimu inabaki wazi, na mteja anayefuata anaikuta. Kama kuna tundu katika mpango mzima wa kuchapisha kazi za watoto hapa Msimbazi, Kariakoo, naliona hapo zaidi ya kwenye kampuni yoyote kubwa ya Marekani.

Tena tuseme ukweli: shule tayari zinachapisha watoto. Kila darasa lina kundi la wazazi la WhatsApp, na humo hutumwa orodha za matokeo zenye majina na nafasi, kuanzia wa kwanza hadi wa themanini, picha za wanaodaiwa ada ya mitihani, video za watoto wakicheza siku ya mahafali. Darasa la wanafunzi themanini lina kundi lenye watu wazima zaidi ya themanini, na hakuna anayejua nani kati yao amempa simu fundi juzi, au nani amebadilisha namba na namba ya zamani sasa iko kwa mtu mwingine. Baraza la Mitihani lenyewe, kwa miaka kadhaa, liliweka kwenye tovuti yake matokeo ya darasa la saba yakiwa na majina kamili, shule na alama za kila somo. Lakini baraza hilohilo, Januari 2023, liliacha kutangaza shule bora na wanafunzi bora wa kidato cha nne. Wengine walinung'unika kwamba motisha imeuawa. Mimi naona uamuzi ule ulitoboa jambo lililokuwa limefunikwa na sherehe: jina la mtoto lilikuwa limegeuka tangazo la biashara la watu wengine.

Sheria ziko wapi katika haya? Zipo nyingi kuliko walimu wanavyodhani. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto ni mtu aliye chini ya miaka 18, na inampa haki ya kutoa maoni na kusikilizwa katika mambo yanayomhusu. Mara nyingi tunaikumbuka nusu ya kwanza tukaisahau ya pili. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 ndiyo inayowatia wazazi hofu ya polisi, na Kituo cha Msimbazi kiko karibu mno kiasi kwamba hofu hiyo si ya nadharia. Kisha zikaja Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2018, zilizomtaka hata mwenye blogu ndogo kupata leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) kwa gharama iliyozidi shilingi milioni 2. Juni mwaka huo jukwaa la mijadala la JamiiForums lilisimama kwa muda. Kanuni hizo zilibadilishwa mwaka 2020 na kurekebishwa tena mwaka 2022, lakini hofu iliyobaki kwa walimu wakuu haikurekebishwa pamoja nazo. Ukimwambia mwalimu mkuu leo kwamba darasa lako litafungua ukurasa wa wazi, swali lake la kwanza litakuwa leseni, na ni sawa aulize kabla ya kuanza, kwa maandishi, TCRA yenyewe.

Sheria iliyo karibu zaidi na suala letu ni changa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, ikaunda tume yake, na imeziweka taarifa zinazohusu watoto katika kundi la taarifa nyeti. Maana yake kwa shule ni nzito: orodha ya matokeo kwenye kundi la WhatsApp haiwezi tena kuitwa tangazo la kawaida. Sheria hiyo inataka ridhaa, na inampa mhusika haki ya kuomba taarifa zake zirekebishwe au zifutwe. Kwa mtazamo wangu haina mpinzani mkubwa isipokuwa mazoea.

Watu huuliza pia kuhusu miaka 13, umri ambao Facebook na WhatsApp zinautaja. Umri huo haukutokana na uchunguzi wowote juu ya watoto wa Ilala. Umetoka katika sheria ya Marekani ya mwaka 1998 iliyozuia kampuni kukusanya taarifa za watoto walio chini ya miaka 13 bila idhini ya wazazi, na kampuni zikaona rahisi kuwafungia nje. Australia imechukua njia yake na kuweka miaka 16 kwa mitandao mikubwa ya kijamii kuanzia Desemba 2025. Kwa darasa la shule ya msingi jibu ni jepesi zaidi: mtoto asiwe na akaunti yoyote. Ukurasa uwe wa darasa, umilikiwe na shule, na mwalimu ndiye anayepandisha kila andiko. Mtoto aandike kwenye daftari.

Tunarudi kwenye sanduku la posta. Mfumo ninaoupendekeza hauna ufundi mkubwa. Insha inatoka ikiwa na lakabu. Haina picha ya mtoto, na kama lazima kuwe na picha, iwe mchoro alioutengeneza mwenyewe. Shule haitajwi, wala jina la mwalimu, maana ukimjua mwalimu umeijua shule. Maoni ya wasomaji hayaonekani mpaka mwalimu ayapitishe, na msomaji hapewi njia ya kumwandikia mtoto mmoja mmoja. Paswedi inakaa kwa walimu wawili na imeandikwa kwenye daftari la ofisi linalofungiwa, si kwenye simu ya mwalimu wa TEHAMA ambaye mwezi ujao atahamishiwa Kilwa. Kwa mwaka wa kwanza ukurasa uonekane na wazazi na shule rafiki moja tu. Shule ya Unguja au Moshi ingefaa sana: watoto wataandika vizuri zaidi wakijua kuna mwenzao wa rika lao asiyejua pilau la Kariakoo linauzwa wapi, anayesubiri kuelezwa.

Juu ya picha kuna jambo moja la kiufundi ambalo kila mwalimu anapaswa kulijua. Picha ya simu inaweza kubeba ndani yake tarehe, saa na mahali ilipopigwa. Ikitumwa WhatsApp kama picha ya kawaida, sehemu kubwa ya taarifa hizo huondolewa. Ikitumwa kama faili ili isipoteze ubora, husafiri nazo zote. Walimu wengi hutuma kama faili, kwa sababu mwandiko wa mtoto unasomeka vizuri zaidi. Dawa yake ni kuzima huduma ya mahali kwenye kamera kabla ya kuanza kazi.

Kuficha jina hakutoshi peke yake, na hapa walimu hujidanganya. Uhuru Mchanganyiko inajulikana kwa kupokea watoto wenye ulemavu wa aina mbalimbali pamoja na wenzao. Sentensi kama "mimi nina ualbino na nakaa bweni" katika nchi iliyoona watu wenye ualbino wakiuawa inaweza kumtambulisha mtoto kuliko jina lake. Je, mwalimu aifute? Nadhani swali hilo hawezi kulijibu peke yake ofisini. Aliulize pamoja na mtoto na mzazi, na jibu laweza kuwa kwamba ualbino ubaki na bweni liondoke. Mtoto asiyeona, ambaye mitaani hupewa nafasi ya kuongea pale tu anapoombewa msaada, ana mengi ya kuwaambia wasomaji, na kumfichia hali yake yote kwa jina la usalama ni kumnyamazisha kwa adabu.

Usalama unaweza kweli kutumika kunyamazisha. Mwaka 2012 huko Scotland msichana wa miaka 9, akijiita Veg, alianza kuandika mtandaoni juu ya chakula cha mchana cha shuleni kwake, akiweka picha ya sahani na alama alizoipa. Baba yake alimsaidia. Halmashauri ikamkataza kupiga picha, watu wakapiga kelele, na siku iliyofuata katazo likaondolewa. Michango iliyofuata ilizidi pauni 100,000 ikaenda kwa shirika la Mary's Meals linalolisha watoto shuleni, na jiko likajengwa Malawi. Usalama wa mtoto haukusahauliwa: lakabu ilikuwepo, mzazi alikuwepo. Kilichokuwa hatarini ni sifa ya halmashauri.

Sasa mlete mtoto huyo Msimbazi. Mwambie aandike juu ya njia yake ya kwenda shule. Ataandika juu ya bonde la Jangwani na mvua, kwa kuwa ndicho anachokiona: maji yakipanda, mwendokasi ukisitisha safari, abiria wakishuka na kuvua viatu. Bibi yake atamsimulia Desemba 2011, mafuriko yalipoua watu katika jiji hili na familia za mabondeni zikahamishiwa Mabwepande. Ataandika juu ya jengo lililoporomoka Kariakoo Novemba 2024. Ataandika juu ya choo cha shule. Hakuna hata moja kati ya hayo linalomhatarisha yeye, ila kila moja linaweza kumtoa jasho mwalimu mkuu. Bila makubaliano ya mapema, kalamu nyekundu itapita hapo na kuita kazi yake ulinzi wa mtoto. Ningependa shule iandike mapema sababu zinazoruhusu kuondoa sentensi: inamtambulisha mtoto, inamtambulisha mtu mwingine asiyeridhia, inatukana, au ni uongo. Aibu ya shule isiwemo kwenye orodha hiyo.

Kikao cha wazazi ndicho kigumu kuliko yote haya. Shule zimezoea kukiita Jumamosi asubuhi, saa ambayo Kariakoo inauza kuliko siku zote, kisha zinalalamika kwamba wazazi hawajali. Wakija wanakuta fomu ya ridhaa yenye lugha ya mawakili, wanatia saini kama walivyotia kwenye fomu ya kujiunga, wanarudi kwenye meza zao. Ridhaa ya namna hiyo haina thamani. Mzazi apewe insha moja halisi ya mtoto wake mwenyewe, iliyochapwa kama itakavyoonekana, aisome. Kama hajui kusoma vizuri, mtoto amsomee. Mama wa vitenge akishaona kwamba jina halipo, picha haipo, na namba yake ya biashara haipo, atauliza maswali ya maana: nikitaka iondolewe namwambia nani? Mwalimu akiondoka? Mtu akimtukana mwanangu? Hayo ndiyo yanayopaswa kujibiwa kwa maandishi, pamoja na namba 116, simu ya bure ya huduma kwa mtoto, ambayo inafaa ibandikwe kwenye kila ukurasa na kila ubao wa darasa.

Na kikao hichohicho ni mahali pa kuomba kitu kutoka kwa wazazi. Mwalimu mwenye ujasiri anaweza kusema: "Wazazi wenzangu, sisi tumekubali kutoweka beji. Na nyinyi kwenye stetasi zenu?" Kutakuwa na kicheko, halafu ukimya. Hakuna haja ya kuwazuia watu kujivunia watoto wao. Januari ni mwezi wa gharama, na sare mpya ni ushindi. Picha inaweza kupigwa kabla sweta halijavaliwa, au kiganja kikaifunika beji. Baadhi ya wazazi wa Dar es Salaam tayari wanafunika nyuso za watoto kwa vikaragosi, wengi wakisema ni kwa ajili ya kijicho. Sababu ni yao, matokeo ni yaleyale.

Wazazi watakaokataa wawepo bila kulaumiwa, na mtoto wao asikae pembeni wenzake wakichapishwa. Insha yake ibandikwe ukutani darasani, ambako wasomaji ni wenzake na wageni wa shule. Mtoto mwenyewe naye aulizwe. Nimewahi kusikia walimu wakisema mtoto wa miaka 11 hawezi kuridhia. Kisheria ridhaa yake peke yake haitoshi, kweli, lakini kukataa kwake kunatosha kabisa. Mtoto aliyeandika juu ya ugomvi wa wazazi wake akasema "hii isitoke" amejua kitu ambacho mwalimu, kwa furaha ya kupata insha nzuri, hakukiona.

Linabaki suala la muda, ambalo shule hazilifikirii. Darasa la saba hufanya mtihani wa taifa Septemba, kisha watoto wanatawanyika. Ukurasa wa darasa lao ukiachwa hewani hauna tena mwalimu anayeyapitia maoni. Kabla ya mtihani, Julai au Agosti, shule ichape kazi zote kwenye karatasi, kijitabu cha steshenari chenye gundi mgongoni kinatosha, kila mtoto apewe nakala, na kila mmoja aseme ni insha ipi iendelee kubaki mtandaoni na ipi ifutwe. Zitakazobaki zihamishiwe chini ya mwalimu wa darasa linalofuata na hilo liandikwe kwenye daftari la makabidhiano, kama zinavyokabidhiwa funguo za stoo. Mafaili ya steshenari yafutwe mwalimu akiwa amesimama pale, pamoja na yaliyomo kwenye pipa la taka la kompyuta, na akaunti ifungwe kutoka kwenye simu yake kabla hajalipa.